Uzito wa Abshir

Kotile, 14 Februari 2022

Walaal yangu Siyad,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ukiwa umekula, maana mwalimu asiye na mke chakula chake ni chai. Sisi huku tuko salama. Mume wangu Dagane anakusalimu. Mama yake, ayeeyo Maka, naye anakusalimu na anauliza kama huko Liboi wasichana wameisha.

Nimejaribu kukupigia simu hadi nimechoka. Keinan alinipa habari kwamba mnara wenu umekufa na hakuna anayejua utafufuka lini, akasema niandike, barua atazipokea dukani kwake Garissa na kuzitia kwenye lori la kwenda mpakani. Basi naandika. Usicheke mwandiko. Nimeandika Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu tulifundishwa kukisema tu, na pia kwa sababu humu ndani hakuna mwingine anayesoma Kiswahili. Hapo nadhani umenielewa.

Mvua haijanyesha. Ng'ombe wanasimama kwa kusaidiwa. Dagane anasema huenda tukahama kuelekea kusini, upande wa msitu.

Sasa jambo lenyewe. Mwanangu Abshir, abti wako, ana miezi minane na ameanza kunishika pua. Juzi alikuja Sagal, yule msichana wa afya wa kijiji, akatundika mzani wa ndoano kwenye mgunga na kumtia Abshir katika ile suruali ya kitambaa. Alining'inia akicheka. Kilo saba. Ayeeyo Maka alitoka nyumbani anapiga kelele: "Mtoto hapimwi kama mbuzi wa sokoni! Ukishataja namba yake, jicho linajua pa kuanzia!" Jioni yake mtoto akashikwa na homa. Siku tatu. Sasa ayeeyo haniachi nipumue, anasema mzani umechukua kitu.

Unajua nilikaa miaka sita kwa watu hawa bila mtoto. Kila mtu alinitazama tumbo kabla ya uso. Siwezi kucheza na huyu. Wewe ni mwalimu wa fizikia, niambie ukweli: mzani unachukua kitu kwa mtu?

Dada yako,
Hinda

*

Liboi, 6 Machi 2022

Abaayo Hinda,

Waaleikum salaam. Nimekula, na wasichana hawajaisha, mwambie ayeeyo nimeishiwa mimi. Barua yako niliipata kwa dereva wa vitunguu ikinuka vitunguu, nikaisoma darasani mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili huku wao wakidhani nasahihisha kitu. Mnara bado. Tunaishi kama zama za babu, na nakiri usingizi umekuwa mtamu.

Mzani hauchukui kitu, dada yangu. Tena umenipata kwenye somo ninalolipenda, kwa hiyo kaa chini, umwekee Abshir ziwa, usikilize mhadhara.

Kila kitu kina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni tungamo. Tungamo ni kile kilichomo, wingi wa kitu chenyewe, nyama na mifupa na ukaidi wa mama yake. La pili ni uzito. Uzito ni jinsi dunia inavyokivuta kitu hicho chini. Ile springi ya mzani wa Sagal haijui Abshir ni nani. Inajua tu dunia inamvuta kiasi gani. Kwa kweli uzito tungeupima kwa nyutoni, kilo ni za tungamo, lakini ukimwambia Sagal aandike nyutoni atakufukuza.

Sasa sikia hii. Ukimpeleka Abshir mwezini ukamtundika kwenye mzani ule ule, utasoma kilo moja na kidogo tu, kwa sababu mwezi unavuta kinyonge. Je, amekonda? La. Ni Abshir yule yule, hajapungua hata ukucha. Mahali pakibadilika, uzito hubadilika. Tungamo halibadiliki. Hata hapa hapa duniani, mlimani na bondeni mzani hausemi sawasawa. Kwa hiyo namba ni habari ya mahali, na mtoto ni mtoto. Namba haiwezi kumla.

Msomee ayeeyo hayo kwa Kisomali, na umwambie mzani ni kama kioo, hauchukui sura ya mtu. Mpime kila Sagal akija.

Nakumbuka hooyo, mama yetu, alipofariki ulivyonibeba mgongoni kwenda shule hadi nikaona haya kwa wenzangu. Sasa mimi ndiye nakubebea kitu kidogo, hata kama ni fizikia tu.

Mbusu abti.

Siyad

*

Kambini, kusini mwa Ijara, 11 Aprili 2022

Walaal Siyad,

Ramadhani njema. Mwenyezi Mungu aikubali saumu yako. Sisi tulihama wiki moja kabla ya mwezi kuandama, tumefuata majani ya msituni pamoja na nyumba nyingine nne. Huku simu haina hata mstari mmoja. Ng'ombe watatu walibaki njiani. Yule mwekundu wa Dagane, aliyepewa na baba yake, alilala chini asubuhi moja akakataa kuamka, na Dagane akakaa naye mpaka jua likapanda. Sikumsemesha siku nzima.

Barua yako ilinifikia siku ya kuhama, nikaisoma mara nyingi njiani. Nilimsomea ayeeyo Maka. Akasema: "Huyo kaka yako ana maneno mengi, lakini yana kichwa." Kwake hiyo ni sifa. Akaniruhusu nimpime mtoto. Nikafurahi kama niliyeshinda kesi.

Jana Sagal alitufikia kwa pikipiki, maskini, mavumbi mpaka kwenye kope. Akamtundika Abshir. Kilo tano na nusu. Sagal akaitazama springi, akaigonga kwa kidole, akampima tena. Halafu akamfunga ule utepe wa kupimia unene wa mkono, ukasimama kwenye nyekundu.

"Hinda, huyu twende naye Masalani hospitali. Leo. Mimi nambeba na wewe nyuma ya pikipiki."

Nikamwambia, tulia. Nikatoa barua yako nikamsomea pale penye mwezi. Nikamwambia, tulipokuwa Kotile tulikuwa mahali pengine, sasa tuko huku chini karibu na bahari, mahali pamebadilika na namba imebadilika. Ndugu yangu ni mwalimu wa fizikia. Mtoto ni yule yule.

Sagal akasema, "Mimi sijasoma fizikia. Mimi naona mkono wake."

Nikamwambia mkono wa baba yake pia ni mwembamba. Akaniachia pakiti za siagi ya njugu, akasema atarudi. Ukweli maziwa yamepungua, ya ng'ombe na yangu, na Abshir siku hizi hashiki pua, analala sana. Lakini kumfikisha Masalani ni kumwacha Dagane peke yake na ng'ombe wanaoanguka na mama mzee, na hospitali yenyewe huenda wakanilaza mwezi mzima. Ungekuwa si wewe uliyeniandikia, ningepagawa. Asante walaal. Umenituliza moyo.

Hinda

*

Liboi, 19 Mei 2022

Hinda,

Barua yako ya Aprili nimeipata leo. Leo! Lori lilikaa Dadaab wiki tatu, barabara ilifungwa.

Mpeleke Abshir hospitali. Usimalize hata kusoma barua hii. Mpeleke.

Kama bado unasoma, basi nisikilize. Sikueleza vizuri. Niliandika "mlimani na bondeni mzani hausemi sawasawa" bila kukuambia kwamba tofauti hiyo ni ndogo kuliko pumzi ya nzi. Ule mzani wa Sagal hauwezi hata kuiona. Kutoka Kotile hadi mlipo hakuna dunia inayoweza kunyang'anya kilo moja na nusu. Na tungamo nililosema halibadiliki ni la jiwe, la chuma, la kitu kisichokula wala kuharisha. Mtoto asiyepata maziwa hupungua tungamo lenyewe. Kilichopungua ni yeye, Hinda. Sagal alikuwa sahihi kuhusu mkono wake.

Nimeomba ruhusa, mwalimu mkuu amekataa, mitihani. Nimekwenda hadi Dadaab kwa lori la maji ili nimpigie Keinan. Anasema hakuna anayejua mlipo, watu wa fora, wanaohama na mifugo, hawaagi wanakokwenda. Nimemwambia barua hii aipe mtu yeyote anayeelekea kusini, yeyote, hata mfanyabiashara wa ngozi.

Nisamehe sikuuliza habari za nyumbani. Mpeleke mtoto.

Siyad

*

Kambini, 2 Juni 2022

Walaal Siyad,

Assalaam aleikum. Sisi tunashukuru. Nasikia kijana wa kina Awil anakwenda Garissa kuuza ng'ombe wawili waliobaki na uhai wa kutembea, nikaona nimpe salamu zako.

Mvua ilidondoka kidogo, ikalowesha vumbi tu, ikaenda zake. Majani ya msituni yana kupe, ng'ombe wanakonda wakishiba. Ayeeyo Maka anaumwa magoti na siku hizi haongei sana. Mchana anakaa anasokota kamba, akimaliza anaifumua, anaanza upya. Dagane amefuga ndevu. Nimeshona turubai la nyumba mahali lilipochanika, kwa sindano ile ya gunia, na nimejichoma kidole gumba kikavimba, lakini kimepoa.

Sagal alipita. Alikunywa chai, akakaa nami kitambo, akaenda. Mzani aliuacha kwenye pikipiki.

Je, bado unakohoa? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakohoa kila kipupwe na mimi nilikupaka mafuta ya mkia wa kondoo kifuani, ukilia kwamba wanafunzi watasikia harufu. Utafute mafuta hayo hapo Liboi. Kondoo wa huko wana mikia.

Tutahama tena wiki hii, kurudi upande wa kaskazini.

Ni mimi dada yako,
Hinda

*

Liboi, 27 Juni 2022

Abaayo,

Nimesoma barua yako nikaisoma tena. Kurasa mbili. Umeniandikia habari za kupe, ndevu na kidole gumba. Umeniandikia hata mikia ya kondoo. Jina la Abshir halimo.

Barua yangu ya Mei hujaipata, nimeona. Ungeipata ungenitukana au ungenijibu.

Sitakuuliza. Ninaogopa kukuuliza. Lakini huko Kotile, kwa simu na kwa barua, ulinisimulia kila kitu anachofanya, pua aliyoshika, mkojo aliomkojolea Dagane kwenye kanzu ya Ijumaa, na sasa hata chafya yake sijaisikia. Pengine ulichoka. Pengine kijana wa Awil alikuwa na haraka. Nimekaa nikitafuta sababu moja baada ya nyingine, na zote nikizigusa zinavunjika.

Niandikie neno moja tu. Andika "mzima". Hata salamu usiweke.

Siyad

*

Liboi, 15 Agosti 2022

Abaayo Hinda,

Assalaam aleikum. Mnara ulifufuliwa wiki iliyopita. Watu walikuwa barabarani wanapigiana simu huku wanatazamana. Namba yako haipatikani. Ya Keinan inapatikana, nimempigia mara mbili, na mara zote mbili nimemuuliza bei ya unga. Naye akanijibu bei ya unga, kwa sauti ya mtu anayengoja aulizwe jambo lingine. Sikuliuliza. Nataka nilisikie kwako, na kama hutaki kusema, basi nisilijue.

Kidato cha pili wamefika kwenye lile somo. Mwanafunzi mmoja, Ruweyda, akili kama wembe, alisimama akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo mtu akikonda, amepungua uzito au tungamo?" Dada yangu, swali lile lile. Mtoto wa miaka kumi na tano alilifikiria na mimi sikulifikiria, kwa sababu nilikuwa nashughulika na mwezi. Nilipenda ile sentensi yangu ya mwezi. Nilikuona ukiisoma na kucheka, nikaiacha ilivyo.

Nilimwambia Ruweyda vyote viwili. Kisha nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Likizo inaanza wiki hii. Uniambie nije, nitakuja. Uniambie nisije, sitakuja.

Siyad

*

Kotile, 9 Septemba 2022

Walaal yangu Siyad,

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Tumerudi Kotile, nyumba ziko kama tulivyoziacha ila mchwa wamekula mlango. Ayeeyo Maka anakusalimu. Dagane anakusalimu. Simu yangu ilikufa maji siku tulipovuka bwawa, na hata ingekuwa nzima nisingeipokea. Kwa mdomo siwezi. Kwa Kisomali siwezi kabisa. Kiswahili si lugha niliyomwimbia, kwa hiyo huku naweza.

Barua zako zote tatu nilizikuta kwa Keinan, amezifunga pamoja kwa uzi.

Abshir alifariki siku mbili kabla ya Idi. Barua yangu ya Aprili ilikuwa bado njiani kuja kwako. Kwa hiyo usiendelee kuhesabu lori na barabara, hata ungekimbia kwa miguu usingefika. Kila mahali ulipoandika mpeleke, mpeleke, alikuwa ameshapelekwa.

Ilikuwa asubuhi. Sagal alikuwa amerudi kama alivyoahidi, amekuja na gari aliloomba kwa watu, na mimi nilikuwa nimekubali, nimeshajifunga shuka, nimemweka mgongoni. Tulikuwa tunaelekea kwenye gari. Nikamwambia Sagal, ngoja, mbona amelala vizuri hivi. Sagal akamtazama, akanishika mabega.

Ayeeyo ndiye aliyemwosha. Hakusema neno la jicho wala la mzani. Wanawake hatuendi kaburini, unajua. Dagane alimbeba kwa mikono miwili, na nilimwona anavyotembea, alimbeba kama mtu aliyebeba kitu kizito sana, taratibu. Alirudi na damu kwenye viganja. Alikata miiba akazungushia kaburi ili fisi wasifike, na hakumruhusu mtu amsaidie. Baada ya Idi tukahama, maana ng'ombe hawangoji. Nilimwacha mwanangu mahali ambapo nikiulizwa leo siwezi kupaonyesha.

Juni nilikuandikia mambo ya kupe kwa sababu nilitaka kuwe na mtu mmoja duniani ambaye kwake Abshir bado yuko hai. Mtu huyo ulikuwa wewe. Nisamehe.

Sasa kuhusu barua yako. Nilikulaumu. Sitakuficha. Nilikaa na karatasi ile ya mwezi nikataka kuichoma, na siku moja niliitia motoni, nikaitoa, imeungua pembeni. Nilisema ndugu yangu ameniua mtoto kwa maneno mazuri. Nilisema hivyo miezi miwili.

Lakini kuna jambo nalijua mimi na mgongo wangu. Nilikuwa nambeba kila siku, Siyad. Kwenda kisimani, kwenye kuni, njiani kote. Mwanzoni nikiinama yule mtoto alinivuta shuka mpaka mabega yakauma. Halafu mabega yakaacha kuuma. Njia nzima ya kusini mabega hayakuuma, na mimi nikasema ni mazoea. Mgongo uliniambia kabla ya Sagal, kabla ya mzani. Nilitafuta mtu mwenye elimu aniambie mgongo wangu unaongopa, nikakupata wewe, ndugu ninayemwamini, na barua yako ilikuwa inasema habari nyingine kabisa. Ulisema mzani haumli mtoto. Ni kweli, haumli. Mimi ndiye niliyechukua maneno yako na kuyapeleka nilikotaka.

Sagal sijaweza kumwomba radhi. Akija hunywa chai, nami humwongezea sukari.

Wewe uendelee kufundisha. Lakini lile somo ukilifikia, usiwape mwezi kwanza. Wape swali la yule msichana. Waambie jiwe ndilo lisilopungua.

Uje likizo ijayo. Ya Agosti imepita na mimi nilikuwa sitaki kuonekana. Ukija utaona jambo moja, usilitaje mbele ya ayeeyo. Dagane aliniambia juzi tukitoka kisimani, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa: "Hinda, simama wima. Mbona unatembea umeinama, na mgongoni hakuna kitu?"

Nilijaribu kusimama wima, walaal. Nilianguka.

Dada yako,
Hinda